Rami Rungwe: uchambuzi wa kisa cha kikundi kilichoondoa gundi yote

Kisa hiki kinahusu kikundi cha wanawake 16 wa wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya, waliolima rami, mmea wa nyuzi, kwa nia ya kufuma kitambaa na wakaishia kuuza kamba na vikapu. Majina ya watu yameondolewa, ya kijiji na kata pia, na mnunuzi nitamwita mnunuzi tu. Wahusika wameridhia kisa kiandikwe ili wengine wajifunze.

Nimekiandika kwa ajili ya maafisa maendeleo ya jamii, maafisa ugani na viongozi wa vikundi vya ususi. Tangu parachichi lianze kuwalipa watu huku Nyanda za Juu Kusini, haupiti muda bila zao jingine kuletwa likiwa na hesabu tamu, na swali la kwanza analouliza kila mtu ni kama litaota. Kwa Rungwe hilo ni swali la bure. Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, udongo wake ni wa volkano, na hata fito za uzio huchipua.

Kikundi na mahali

Kikundi kilianza kama VICOBA ya kawaida: hisa kila wiki, mkopo, faini ya kuchelewa. Wanachama wengi wana migomba, chai kidogo na ng'ombe mmoja wa maziwa bandani. Watatu kati yao ni wasusi. Aliyebobea kuliko wote ni bibi wa miaka sabini na kitu, mzaliwa wa Kyela, aliyesuka mikeka na vikapu vya ukindu tangu akiwa msichana. Katika mikutano Bibi huongea mara chache, tena mwishoni, watu wakiwa wameshaanza kukunja khanga waondoke.

Wazo la rami lililetwa na mtoto wa kiume wa mhazini, kijana aliyemaliza chuo na kurudi nyumbani. Aliisoma kwenye simu, kisha akagundua kuwa mkulima mmoja mzee wa kijiji cha jirani alikuwa na kichaka chake kando ya chai, kimekaa pale miaka mingi bila kazi yoyote zaidi ya kulisha mbuzi.

Rami yenyewe

Rami ni mmea wa Asia ya Mashariki ambao wataalamu huuita Boehmeria nivea. Uko katika ukoo mmoja na yale majani yanayowasha, ila wenyewe hauwashi. Hutoa fito nyembamba zinazofika mita 1 hadi 2 na zaidi, na majani mapana ambayo upande wa chini ni meupe. Hupandwa kwa vipande vya mizizi. Ukishashika hudumu miaka mingi, na mahali penye joto na mvua ya kutosha hukatwa mara kadhaa kwa mwaka.

Singa zake, yaani nyuzi, zimo kwenye ganda la ufito. Hapo ndipo rami inapoachana na mkonge tunaoujua, ambao singa zake ni za jani. Ukikwangua jani la mkonge na kuliosha, singa unazo, anika. Singa za rami zimeshikamana kwa gundi nyingi: katika nyuzi ghafi, gundi na vitu vinavyoambatana nayo huweza kuwa asilimia 20 hadi 30 ya uzito. Kuiloweka rami bwawani kama kitani hakutoshi kuzitenganisha.

Nyuzi zenyewe ni za kusifiwa. Ni imara, na zikilowa huzidi kuwa imara. Hung'aa kama hariri, hunyonya jasho, hazioshwi zikavutika. Kasoro yake ni kwamba hazina mnepo: zikiwa kavu, ukizikunja kwa ghafla hukatika, na kitambaa chake hupata makunyanzi upesi. Korea ina kitambaa kiitwacho mosi, na ufumaji wake wa eneo la Hansan uliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2011. Japani ina Echigo-jofu, iliyoingizwa mwaka 2009, ambayo hutandazwa juu ya theluji ili jua na theluji viing'arishe. Uchina nako kitambaa cha rami kimevaliwa kwa karne nyingi wakati wa joto.

Kijana aliziona picha za vitambaa hivyo na bei zake. Jinsi uzi wake unavyopatikana hakuona, au aliona akapita.

Yaliyotokea

Kikundi kilikopa shilingi 1,800,000 kutoka mfuko wake chenyewe, kikakodi ekari 1 na kuijaza rami yote. Mwenyekiti alipendekeza waanze na robo, lakini hoja iliyoshinda ilikuwa kwamba mnunuzi wa mjini hatazungumza na watu wenye robo ekari. Hoja hiyo haikuwa ya kipumbavu. Wengi walikwishapata somo hilo kwenye parachichi, ambako gari halipandi mlima kufuata kreti tatu.

Mmea uliota. Walipalilia mara mbili, na baada ya hapo majani yakafunika udongo, magugu yakakosa jua. Mkato wa kwanza ulikuwa wa fito dhaifu zilizotawanyika, wakawapa ng'ombe mkato wote. Ng'ombe waliyapenda majani, na hilo halikuwamo kwenye mpango wa mtu yeyote.

Mkato uliofuata ndio ulioonyesha kazi ilivyo. Ufito unavunjwa katikati kwa goti. Unaingiza kidole gumba kati ya mti na ganda, unavuta kuelekea kila ncha, na ganda linatoka kama utepe wa kijani. Kisha utepe unalazwa juu ya kipande cha mwanzi, unapitishwa chini ya kisu butu, na ile ngozi ya nje yenye ukijani inakwanguka na kuacha utepe wa rangi ya krimu. Mwenye mkono mwepesi aliweza kutoa karibu kilo moja ya utepe mkavu kwa siku nzima. Wengine hawakufika hata nusu.

Kazi hiyo lazima ifanyike ufito ungali mbichi. Kikundi kilikata robo ekari asubuhi moja kwa furaha, kama wanaovuna mahindi, kikalundika fito chini ya mgomba. Jioni walikuwa wameng'oa sehemu ndogo ya lundo. Kesho yake ganda lilianza kugoma, na keshokutwa lilikuwa limegandamana na mti kiasi kwamba ukivuta linakatika vipande vya urefu wa kiganja. Zaidi ya nusu ya mkato ule iliishia kuwa matandazo ya migomba.

Halafu ikaja gundi. Walianza na maji ya majivu ya maganda ya ndizi, ambayo wazee waliyatumia kutengenezea sabuni. Wakachemsha saa kadhaa, wakasuuza, wakatwanga kwa mchi. Tepe zililainika lakini zikabaki tepe. Kijana akasema viwandani hutumia kostiki soda, na hilo ni kweli. Akaileta.

Naomba nisimame kidogo hapa, kwa sababu vikundi vya sabuni na vya ngozi vinaishika bidhaa hii kila siku. Waliweka soda kwenye sufuria kubwa ya alumini, ile ya shughuli, kisha wakamimina maji juu yake. Yote mawili hayafanywi. Kostiki soda hula alumini: sufuria ilitoa povu na mvuke, ikaingia weusi na kubakia na vitundu, na gesi inayotoka katika hali hiyo hushika moto. Na maji yakimiminwa juu ya soda, joto hupanda ghafla na mchanganyiko huruka. Mama mmoja aliungua mkono, ila kwa bahati nzuri kidogo tu, kwa sababu wenzake walimwosha kwa maji mengi papo hapo. Kinachotakiwa ni soda iingie kwenye maji baridi kidogo kidogo, chombo kiwe cha chuma au plastiki ngumu, na chungu cha kuchemshia kiwe cha chuma. Glavu na miwani viwepo kabla soda haijafunguliwa. Maji yaliyotumika hayamwagwi mtoni.

Mara ya pili walifanya hivyo kwa pipa la chuma. Gundi ilitoka yote, na nyuzi zikatoka nyeupe, laini, zinang'aa. Siku hiyo walipiga picha nyingi. Mhazini alinionyesha fumba la nyuzi hizo, na kusema kweli lilikuwa zuri kuliko pamba.

Kisha wakajaribu kupata uzi, uzi ukakataa. Nyuzi zilikuwa zimeachana kabisa, moja moja, nyingine ndefu kama mkono na nyingine fupi kama kidole. Zinateleza. Pamba ukiivuta nyuzi zake hushikana, lakini hizi hupitana tu, kila moja ikaenda zake. Waliposokota kwa nguvu walipata kitu chenye nywele nywele, kinene hapa, chembamba pale. Walipokitandika kwenye kitanda cha kufumia walichoazima, mtande, yaani nyuzi zinazotangulia kunyooshwa kwa urefu, ulikatika kila uliponyooshwa. Ilikuwa Septemba, upepo mkavu, jiko la mkaa liko jirani. Kwa wiki nzima walipata kitambaa kisichozidi upana wa mkono.

Zamu ya Bibi

Katika mkutano wa kufunga hesabu, Mwenyekiti alishauri shamba lirudishwe. Bibi akaomba kusema.

"Mwanangu," alimwambia kijana, "zile tepe za mwanzo, za majivu, ziko wapi?"

"Nilizitupa darini, Bibi. Zile zilishindikana."

"Nenda kaniletee."

Alizilowesha. Msusi wa ukindu hasuki jani kavu. Hulowesha kwanza, na wakati wa kiangazi hufunika kazi yake kwa kitambaa chenye maji. Alipoona tepe zimelegea, alichukua mmoja, akaupasua kwa ukucha wa kidole gumba katikati, kisha kila nusu tena katikati, na tena, mpaka akapata vijiti vya uzi vyembamba kama wa kushonea viatu. Akakunja khanga juu ya goti, akalaza ncha mbili zikipishana, akaviringisha kwa kiganja kwenda mbele, akarudisha nyuma. Zikaunga. Akavuta, hazikuachia.

Bila kumwona mtu wa Korea hata mmoja, Bibi alikuwa anafanya karibu sawa na wanavyofanya Hansan. Kule ganda huondolewa, tepe hulowekwa na kuanikwa juani mara kwa mara, hupasuliwa kwa kucha na meno, na ncha huungwa kwa kuviringisha juu ya goti. Ufumaji wake hufanyika mahali penye unyevu, maana hewa kavu huukata uzi.

Maamuzi baada ya hapo

La kwanza lilikuwa kupunguza shamba kutoka ekari 1 hadi robo. Hesabu yake ilikuwa ya mikono: wakikata vitanda vinne vya rami shambani asubuhi, watu sita wanaweza kung'oa na kukwangua vyote kabla ya giza. Basi vitanda vinne ndio kipimo.

La pili lilikuwa kuacha kostiki soda moja kwa moja na kurudi kwenye majivu, tena kwa kuchemsha muda mfupi. Kijana alipinga. Alisema weupe ndio unaouza. Walikubaliana tepe zitandazwe kwenye nyasi usiku zipate umande, na mchana jua. Hazikufikia weupe wa theluji ya Wajapani, lakini zilipoteza ule ukahawia.

La tatu lilihusu mnunuzi. Alitaka kitambaa mita 30 kwa ajili ya duka la wageni na alikuwa tayari kusubiri miezi mitatu. Kikundi kilipima. Msusi mzuri akiunga siku nzima, kiasi cha uzi anachopata hukaa kwenye kiganja. Kwa kasi hiyo mita 30 zingewafunga wasusi wote hadi mwaka mwingine, na wanaoweza kufuma walikuwa wawili tu. Wakamkatalia, wakamwonyesha kikapu cha ukindu kilichoshonwa kwa uzi wa rami, chenye mpini wa kamba ya rami ya nyuzi tatu. Akachukua vitano vya kujaribia.

Matokeo

Kikapu cha ukindu pekee walikuwa wanauza shilingi 12,000. Chenye mpini na ushono wa rami kinakwenda 25,000 kwa mnunuzi huyo. Kamba nyembamba pia inauzika, hasa kwa fundi mmoja wa mikoba ya ngozi aliyeipenda kwa sababu haiozi upesi. Majani hugawanywa kwa wenye ng'ombe siku ya kukata, na kwa wanachama kadhaa hiyo ndiyo faida wanayoitaja kwanza.

Mkopo ulilipwa, lakini rami haikuulipa. Sehemu kubwa ilitoka kwenye fedha za maziwa na za chai za wanachama wenyewe, na wawili walijitoa kwenye kikundi kwa sababu hiyo. Kitambaa hakijafumwa.

Uchambuzi

Mwanzoni nilidhani kisa hiki ni cha kawaida cha zao lisilo na soko. Baada ya kukaa na daftari lao na zile nyuzi mezani, naona tatizo liko kwingine. Kuna njia mbili za kupata uzi wa rami, na kila moja ina hatua zake zinazotegemeana.

Njia ya kiwanda huondoa gundi karibu yote kwa kemikali, kwa sababu mashine zitachana nyuzi, kuzilaza upande mmoja na kuzisokota. Kwenye njia hiyo kila unyuzi unatakiwa uwe huru. Njia ya mkono huacha sehemu ya gundi, kwa sababu gundi ndiyo inayoufanya utepe uliopasuliwa ubaki uzi mmoja mrefu na kuzishika zile ncha zilizoviringishwa. Kikundi kilichukua hatua ya kwanza ya kiwanda kisha kikataka kumalizia kwa mkono. Walipofanikiwa kabisa kuondoa gundi, ndipo walipopoteza uzi. Ndiyo maana jaribio la majivu, walilolihesabu kuwa limeshindikana, ndilo lililokuwa sahihi kwa watu wasio na mashine.

Hili haliwahusu wa rami peke yao. Nimeona kikundi cha asali kikichuja kwa namna ya kiwanda kisha kikauza kwa wateja waliotaka masega. Unapochukua hatua moja kutoka kwenye mfumo mwingine, uliza hatua inayofuata kule inafanywa na nini.

Kuhusu ukubwa wa shamba, tofauti na parachichi ni kwamba tunda lililochumwa linasubiri gari siku kadhaa. Ufito wa rami hausubiri hata kesho. Katika kila kilo 100 za mashina mabichi, nyuzi ghafi zilizokauka ni kilo chache tu, tatu hadi tano, na zote zinapita kwenye vidole vya mtu siku ile ile. Hoja ya "mnunuzi anataka wingi" ilichukuliwa kutoka zao moja ikabandikwa kwenye jingine. Ipo mashine ya kukwangua, jamaa ya korona inayotumika kwenye mkonge, na Brazili na Ufilipino wamekwangulia rami kwa mashine za aina hiyo. Kikundi kiliiulizia bei kikaacha. Naunga mkono uamuzi huo: mashine ingeharakisha kung'oa ganda, na kuunga uzi kungebaki pale pale.

Kilichofanya kazi ni ustadi uliokuwamo tayari. Kulowesha, kupasua kwa ukucha, kuviringisha kwenye goti: wasusi watatu walivijua vyote, lakini katika kupanga mradi hawakuulizwa, kwa kuwa rami ililetwa kama kilimo na wao walihesabiwa kama nguvu kazi ya kupalilia. Sisemi kijana alikosea kuleta habari. Bila yeye rami ingebaki chakula cha mbuzi wa yule mzee. Ila wangelimpa Bibi fito kumi kabla ya kukopa, wangeyajua karibu yote niliyoyaandika hapa kwa gharama ya nauli ya bodaboda.

Nilichoshindwa kukubaliana nacho ni jinsi daftari lilivyoandikwa. Gharama za shamba, palizi, soda na pipa zote zimo. Saa za kukwangua na kuunga hazimo. Kwa daftari hilo kikapu cha 25,000 kina faida kubwa sana. Ukiingiza siku za mikono, faida inakaribia ujira wa kuchuma chai, na kwenye baadhi ya vikapu inashuka chini yake. Mhazini ameongeza safu ya saa tangu mwezi uliopita, na tayari imezua maneno, kwa sababu imeonyesha wazi nani anaunga na nani anahudhuria.

Yanayoendelea

Robo tatu za ekari iliyoachwa zilipandwa mahindi, na rami inachipua katikati yake kutoka kila kipande cha mzizi kilichobaki. Mwenye shamba anataka ing'olewe yote kabla mkataba haujaisha. Robo iliyobaki nayo imeanza kutoa fito fupi, kama ilivyotarajiwa kwa mmea unaokatwa kila mara na kuondoka na rutuba. Wenye ng'ombe, ambao mifugo yao ndiyo inayokula majani, wamekubali kurudisha samadi ndoo kwa ndoo kabla ya mvua za Novemba. Asiyeleta, majani ya mkato unaofuata hayamfikii.